Mke Wangu Amekataa Kupanda Lori Letu

Jamani, leo mke wangu amekataa kupanda lori letu mbele ya abiria wote!

Lori limechoka, linavuja oili. Fundi aliniambia, "Ukiziba huku, litavuja kule." Nikaona bora niwe naongeza oili tu.

Leo tukipanda mlima wa Chunya, oili ikadondokea bomba la moshi lenye moto. Moshi ukatanda. Watu wakaruka, na mke wangu Zuhura akaruka na mtoto mgongoni, akaangukia magoti.

Mtoto mzima, alhamdulillahi.

Nikamwambia, "Panda, mama Saidi. Moto haujawaka."

"Unangoja uwake?"

Akageuka kurudi Mbeya kwa miguu. Abiria wote wakamfuata! Nikashuka na lori tupu polepole nyuma yao.

Sasa niko kwa fundi, injini imefunguliwa.

Semeni kweli, nyie mngepanda?