Saa ya Sindano na Saa ya Kisu

Niliingia kwenye utafiti ule kwa sababu nilitaka kumkomesha mama yangu mdogo. Watu wakiniuliza leo huwajibu kwamba nilivutiwa na kazi ya kuboresha huduma kwa wagonjwa wa upasuaji, na jibu hilo linawapendeza, lakini si la kweli. Nilitaka karatasi yenye muhuri itakayosema kwamba majani yanaua. Nilitaka niipeleke Malangali, nigonge mlango wa chumba alichopanga, nimsomee mwenyewe neno kwa neno.

Mama mdogo alikuwa mdogo wake wa mwisho marehemu mama. Mama aliugua mwaka ambao mimi nilikuwa nesi mpya kwenye zahanati karibu na Kasesya, mpakani. Alikuwa anapura ulezi, tumbo likamkamata, likavimba likawa gumu kama ngoma. Utumbo ulikuwa umejisokota. Walimkimbiza mjini Sumbawanga kwenye gari la jirani, akapasuliwa siku hiyohiyo, na upasuaji wenyewe ulikwenda vizuri. Hilo nalisema kwa haki. Siku ya saba akaruhusiwa kurudi kijijini, na mama mdogo akahamia nyumbani kwetu kumuuguza. Haikupita wiki, mama alirudishwa hospitali akiwa hoi, mshono umeachia, na juu ya kidonda pamebandikwa majani yaliyopondwa.

Niliomba ruhusa kazini, nikapanda lori la mahindi, nikafika wodini asubuhi wakati wa raundi. Daktari mpasuaji aliyemshona, mtu wa mkoa wa mbali, alikuwa amesimama kando ya kitanda na wanafunzi wake. Aliyainua yale majani kwa koleo, akayashika juu ili wote waone.

"Sisi tunashona, wao wanafumua," alisema. "Watu wa huku hawaachi mambo yao."

Wanafunzi walicheka kidogo, kicheko cha kumpendeza mkubwa. Ukitoka Ufipa umeshazoea kicheko hicho. Ukitaja tu unakotoka, mtu anakuuliza kwa mzaha kama ulikuja kwa basi au kwa ungo, kama mchawi. Lakini mama alikuwa macho na alisikia kila neno. Aligeuza uso ukutani. Alifariki siku ya tatu, sumu ya kidonda ikiwa imeshaenea kwenye damu.

Nilimwamini yule daktari. Hapo ndipo hadithi hii inaponiuma. Nilikuwa nesi, nilikuwa nimesoma, na mtu aliyesoma kunizidi alikuwa amenionyesha muuaji kwa koleo.

Siku ya mazishi mama mdogo alikuja na mzigo wa kuni kichwani, kama wanawake wengine waliokuja kupika. Nilisimama mbele yao wote nikamwambia, "Umemuua mama yangu. Ondoka hapa." Alitua kuni zake polepole, akazipanga vizuri karibu na mafiga, akaondoka.

Yaliyofuata sikuyafanya mimi, ila mimi ndiye niliyeyafungulia mlango. Jumuiya ya kanisa ilipofika zamu ya kusali nyumbani kwake, watu hawakwenda. Chakula chake hakikuliwa kwenye shughuli. Halafu kuna aliyelitamka neno lile jingine, uchawi, na kwetu neno hilo likishatoka mdomoni halirudi. Mwaka haukuisha, mama mdogo aliacha shamba lake akahamia Malangali, pembeni mwa mji wa Sumbawanga, akawa anapalilia mahindi ya watu kwa kibarua. Nilipohamishiwa mjini, kwenye hospitali ileile, wodi ileile ya upasuaji, nilikuwa nikimwona mtaa wa Majengo akinunua chumvi. Nilivuka barabara kila mara. Aliniona nikivuka.

Utafiti ulikuja baada ya miaka kadhaa. Daktari mmoja msichana, mdogo kwangu kwa umri, alitaka kujua kwa nini vidonda vya wagonjwa wetu vinaoza baada ya upasuaji. Kila aliyepasuliwa afuatiliwe kwa siku thelathini, kwa simu au kwa kutembelewa, na kila kitu kiandikwe kwenye fomu. Alihitaji nesi anayejua Kifipa. Fomu ilikuwa ndefu, lakini mimi nilivutiwa na kisanduku kimoja tu, kile kilichouliza kama mgonjwa ametumia dawa za kienyeji. Nikanyoosha mkono.

Miezi ya kwanza nilikuwa nawinda. Nilifika hadi vijiji vya mbali, nikifunua bandeji na kunusa, nikiuliza habari za majani hata kabla sijamaliza kusalimia. Walioyatumia walikuwepo, si wengi. Lakini kila nilipouliza walianza lini, jibu lilikuwa linanikera. Kule Kasesya nilimkuta dereva wa bodaboda aliyekuwa amefanyiwa upasuaji wa ngiri, amekaa kivulini mwa malori yanayosubiri forodha, hawezi kuendesha. Mkewe alikuwa akimwekea kitu cheusi kwenye kidonda. Nilimfokea. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniambia kwamba usaha ulianza angali wodini, alimwonyesha nesi, nesi akabadilisha bandeji, na siku ya pili yake akapewa ruhusa.

"Nilikuwa nanuka, sista," alisema. "Wewe ungekaa tu?"

Nilirudi mjini nikazipanga fomu zangu upya, kwa tarehe. Wote waliotumia majani walikuwa wametumia baada ya kidonda kuharibika. Hakuna aliyeanza na majani.

Yule daktari msichana wala hakushangaa. Yeye alikuwa anaangalia visanduku viwili ambavyo mimi nilikuwa navijaza bila kuvifikiria: saa ya sindano na saa ya kisu. Alinieleza kwamba dawa ya kuzuia vijidudu inatakiwa iwe imeshaingia kwenye damu kabla kisu hakijagusa ngozi. Kwetu mara nyingi ilichomwa mgonjwa akisharudishwa wodini, pengine kesho yake. Mimi mwenyewe nilikuwa nimezichoma sindano hizo, nikajisifu kwamba sijaruka hata dozi moja.

Siku iliyofuata nilishuka kwenye chumba cha kumbukumbu kulitafuta faili la mama. Lilikuwa chini kabisa, limefungwa kamba ya katani. Sindano ya kwanza alichomwa asubuhi ya siku iliyofuata upasuaji. Siku ya tatu nesi wa zamu aliandika kwamba kidonda kinatoa maji yenye harufu na daktari amejulishwa. Chini yake kulikuwa na mwandiko wa daktari mwenyewe, mistari miwili ya Kiingereza cha mkato, na sahihi. Siku hiyo ya tatu mama mdogo alikuwa kijijini, anamalizia kupura ulezi wetu ulioachwa uwanjani. Wodini hakuwahi kukanyaga.

Nilikaa na faili lile mapajani hadi mtunza kumbukumbu akaniuliza kama naumwa. Nilimwambia sijambo. Nilikuwa naipanga siku.

Siku yenyewe ilikuwa ya kusomewa matokeo ya utafiti ukumbini. Walikuwepo madaktari, manesi, wataalamu wa usingizi, hadi wahudumu wa usafi. Daktari mpasuaji, ambaye sasa alikuwa mkuu wa idara, alikaa mbele. Msichana alisoma matokeo yake kwa upole, bila kumtaja mtu. Alipomaliza, mkuu wa idara alisimama, akampongeza, kisha akasema kwamba pamoja na hayo yote tusijidanganye, sisi tunaijua jamii yetu, na tatizo linaanzia nyumbani.

Nilinyanyuka nikaenda mbele. Nilikuwa nimetoa nakala ya ukurasa mmoja wa faili la mama, jina la mgonjwa nimelifunika. Nilimkabidhi.

"Dokta, mwandiko huu unanishinda," nilisema. "Naomba utusomee. Kwa Kiswahili, wenzetu wote waelewe."

Aliutazama. Aliujua mwandiko wake, nadhani, kabla ya kuujua ukurasa. Alisoma kwa sauti ya chini, na nikamwomba aongeze sauti kidogo.

"Kidonda kinatoa usaha. Endelea kufunga. Aruhusiwe siku ya saba."

"Alirudi na majani," nikasema. "Uliwaonyesha wanafunzi. Alikuwa mama yangu."

Nilirudi kukaa. Moyoni nilikuwa na raha ambayo sijawahi kuipata kanisani. Yule msichana alikuja kunigombeza baadaye, kwamba nimetumia kazi yake kwa ugomvi wangu na nimelitoa faili la mgonjwa bila idhini. Ni kweli. Nilimwomba radhi, na ningefanya tena.

Mambo yalibadilika upesi kuliko nilivyotarajia. Sindano ikahamia chumba cha upasuaji. Nesi hatoi kisu mpaka saa ya sindano isomwe kwa sauti na kuandikwa. Na aliyesimamia kwa ukali kuliko wote alikuwa ni yule mkuu wa idara. Alikuwa anasimama na mikono yake juu, imeshaoshwa, anasubiri. Vidonda vikaanza kukauka. Watu wakawa wanarudi siku ya kutoa nyuzi wanatembea wima. Wageni wakaja kutoka mkoani kujifunza, na yeye akasimama mbele yao akaeleza mabadiliko tuliyoyaleta. Alisema hivyo, tuliyoyaleta. Mimi nilikuwa nyuma nagawa soda. Nilikuwa nimemchoma mkuki, naye akautoa akautumia kama fimbo ya kutembelea.

Nikamfuata ofisini. Nilimwambia nataka aje kijijini kwetu, Jumapili, aseme mbele ya baba na ukoo. Alisema ameshalisoma kosa lake ukumbini mbele ya watu wote. Nikamjibu kwamba watu wa ukumbini si waliomfukuza mama yangu mdogo. Akasema ana kazi nyingi.

"Basi nitawaleta wao," nilisema. "Siku wageni wakija tena, watakuwa wamekaa hapo mlangoni kwako."

Alikuja. Alifika baada ya misa, amevaa koti, upepo ule mkavu wa Juni unampiga vumbi usoni. Baba alimpa kiti. Mama mdogo alikuwa ameletwa na katekista, maana mimi sikuwa na uso wa kwenda kumwita. Alikaa pembeni kwenye mkeka, peke yake, na wanawake wa ukoo wakaacha nafasi kati yao na yeye, kwa mazoea.

Daktari alianza kwa kutoa pole, kisha akaingia kwenye mapungufu ya mfumo wa wakati ule. Baba alikuwa anaitikia kwa kichwa, kwa heshima, haelewi. Nikamkatiza.

"Dokta, hapa hakuna mfumo. Kuna baba yangu, na kuna yule pale."

Alipoanza tena alikuwa anamtazama mama mdogo.

"Usaha ulianza wodini," alisema. "Niliuona, nikauandika, nikamruhusu aende nao nyumbani. Halafu nikakusingizia wewe. Hukumuua dada yako."

Niliyaangalia mashavu yake yakilegea na jasho likimtoka katika baridi ile. Nilifurahi, sitaficha. Baba aliinamisha kichwa, na mmoja wa wale wanawake akaanza kulia kwa sauti ndogo. Nilingoja mama mdogo amtemee mate, au walau amwambie atoke. Nilikuwa nimemletea adui yake hadi miguuni.

Mama mdogo aliinuka akaenda jikoni. Alirudi na maji ya kunawa, akamnawisha, akamwekea ugali wa ulezi na maharage. Yule mtu alikula. Nilihisi nimeibiwa.

Nilimfuata jikoni nikamuuliza kwa nini amemlisha. Alikuwa anakwangua sufuria, hakuinua macho.

"Huyo ni mgeni, hakunijua," alisema. "Aliyenijua ni wewe."

Nilikuwa na maneno yangu ya kuomba msamaha, niliyoyapanga njiani tangu mjini. Nilisimama nayo pale mlangoni mpaka akaniambia nimpishe, anataka kumwaga maji.

Ukoo ulituma watu mara mbili kumwomba arudi kwenye shamba lake. Alikataa. Anasema Malangali ameshazoea, na sasa ana kipande chake mwenyewe cha mahindi nyuma ya nyumba anayopanga. Mimi bado nafanya kazi na daktari. Kidonda kikiwa kikavu ananiambia, "Sista, safi," nami namshukuru, na simpendi. Wagonjwa wananufaika na chuki yetu kama wangenufaika na urafiki, labda zaidi, kwa sababu kila mmoja wetu anajilinda asikosee mbele ya mwenzake.

Kwa mama mdogo nimekwenda mara tatu. Mara ya kwanza hakuwepo, au hakufungua. Mara ya pili alinipa kigoda, tukachambua maharage hadi jioni tukizungumza habari za mvua. Mara ya tatu nilimwomba msamaha, kwa sauti, nikitaja siku ya kuni na maneno niliyomwambia. Alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Nimesikia," alisema, kisha akaniomba nimsogezee ungo.