Shujaa wa Mado

Mtasema nimeonja lutuku, pombe yetu kali, lakini haya niliyaona kwa macho yangu hapa Kasongo. Mpwa wangu Mado, mshonaji, ameandika riwaya ya zamani za misafara ya pembe za ndovu. Miaka sita, madaftari manne. Akili ameirithi kwangu.

Siku ya kumaliza kilio cha baba yake alitusomea. Mwenye msafara alikuwa shujaa kila mstari: shujaa alivuka mto, shujaa alikula, shujaa alilala.

Koko Pélagie, bibi yetu mzee kutoka upande wa Wamaza, akasimama.

"Shujaa? Watu kama huyo ndio walimufunga mama ya koko yangu kamba ya shingo! Alitoroka na mutoto mugongoni. Yeye iko wapi humo?"

Hata waliokuwa wakitafuna waliacha. Mado akainua macho kutoka daftarini.

"Koko, kwetu mufu hatajwi bila sifa. Nilimusifu tu, sikufikiri."

Akashika kalamu ya bik, akakata shujaa baada ya shujaa mbele yetu. Halafu akauliza, "Huyo mama aliitwa nani?"

Mimi nilihesabu mashujaa elfu tatu waliokatwa, na bik ilikuwa yangu, nikasimama katikati ya watu nikilia na—

"Mjomba Salomon! Walikuwa themanini na wawili, niliwakata mimi mwenyewe, na wewe ulikuwa nyuma ya nyumba na sahani ya nyama."