Usimwite Kijana Ili Wenzako Wamkose

Kuna Jumapili moja ya mwaka 2017 ambayo nikiikumbuka hadi leo damu inanichemka, mwanangu, na mimi si mtu wa hasira. Nakuandikia hapa Rosettenville, kwenye meza yangu ya ushonaji, mashine nimeisukuma pembeni. Shule niliiacha mapema, kwa hiyo pengine mambo nitayapanga vibaya. Inawezekana pia kwamba mwenye makosa ni mimi. Nitakupa maneno ya kila upande, halafu utaamua.

Sisi wageni wa Johannesburg tuna mashindano yetu ya mpira wa kikapu, yanachezwa Jumapili watu wakitoka ibadani. Kabla ya msimu kuna siku ya kuchagua. Vijana wasio na timu wanasimama kwenye mstari wa mwisho wa uwanja, na viongozi wanaita mmoja mmoja kwa zamu, timu iliyoshika mkia ikianza. Ukiitwa, wewe ni wa timu hiyo msimu mzima, hakuna kuhama. Ila kuna kanuni moja ambayo watu wameisahau kwa kutoitumia: mchezaji akivua jezi yake na kwenda kusimama mstarini kabla zamu hazijaisha, amejiweka huru mwenyewe, na timu yoyote inaweza kumwita.

Mwaka ule walioshika mkia tulikuwa sisi Wakongo. Sababu haikufichika. Hatukuwa na mtu mrefu wa kusimama chini ya kikapu, kwa hiyo kila mpira uliogonga chuma na kurudi ulidakwa na wapinzani. Lakini wa kupandisha mpira kutoka nyuma na kuamua nani apewe, yule ambaye sisi tunamwita meneur, tulikuwa na wawili. Wa kwanza Merci, kijana anayelinda geti la ofisi kule Sandton. Wa pili Bahati, mtoto wa jirani yangu msusi, ambaye msimu mzima alikaa benchi akiwashikia wenzake chupa za maji.

Bahati alikuwa anapita dukani kwangu kila siku akitoka shule. Wiki ile alipita akaniambia, "Papa Deo, mimi nadhani naacha. Bora Jumapili nilale."

"Ngoja siku ya kuchagua," nikamwambia. "Wakileta mtu mrefu, timu itapangwa upya."

Nilimwahidi hivyo bila kuwa na mamlaka yoyote. Kazi yangu kwenye timu ni kushona jezi.

Basi siku ikafika. Mstarini alikuwepo kijana mmoja mrefu wa Kigoma, mzito kidogo, mikono kama makasia. Pembeni yake kijana wa Kikenya, Ochieng, mgeni wa dada yake anayefanya kazi benki. Sitamdhulumu huyu Ochieng: alikuwa anaucheza ule mpira kana kwamba umefungwa kwenye kiganja chake kwa uzi. Nimshonee sifa zake zote, ni haki yake.

Nikamsogelea mwenyekiti wetu, Ya Gedeon, yaani Kaka Gedeon kwa Kilingala chetu.

"Tumwite yule wa Kigoma, Ya Gedeon."

"Papa Deo, wewe shona kaptula. Yule Mkenya hujamwona?"

"Nimemwona. Lakini Merci tunaye, Bahati tunaye. Wa tatu wa nini?"

"Merci akiwa zamu ya kazi je? Akiumia je?"

Hapo alikuwa na hoja, na nilimwambia hivyo hivyo. Merci kweli alikuwa anakosa mechi, kwa sababu bosi wa ulinzi hajui Jumapili. "Ndiyo maana tuna Bahati," nikasema.

Ya Gedeon akainama sikioni kwangu. "Sikia, Papa. Hata kama hatumhitaji. Tusipomwita sisi, Warundi wanamwita. Unataka watufunge naye?"

Mwanangu, neno lile nilikuwa nimelisikia zamani sana.

Nilipokuwa kijana kule Bukavu, parokia yetu ilikuwa na timu, na kocha akaniita nikiwa meneur wa tatu. Nilifurahi. Nilifua viatu vyangu vya raba mpaka vikapoteza rangi. Baadaye nikagundua kwamba sichezi, sifundishwi, sitazamwi hata mazoezini. Nikidhani kasoro ni yangu, nikaanza kutembea nimeinama. Baba yangu mkubwa, Zihalirwa, seremala, akaniuliza mbona nimekuwa hivi. Nikamweleza. Siku ya mazoezi akaja uwanjani na vumbi la mbao kichwani, akasimama mbele ya kocha.

"Huyu mutoto mulimwita kucheza, ao mulimwita kumuficha?"

Kocha akacheka, akasema wazi bila haya, "Mzee, tungemuacha, parokia ya pili ingemubeba."

Baba mkubwa hakucheka. "Mutoto wa watu si gunia ya mahindi unaweka mu ghala, unangoja bei ipande. Huyu anakomaa leo. Mwaka kesho hatakuwa tena na hii miguu." Akanishika mkono mbele ya timu nzima, tukavuka barabara mpaka kwenye ile parokia ya pili. Niliona aibu kubwa. Na nikwambie ukweli, huko sikugeuka hodari. Nilikuwa mchezaji wa kawaida tu. Lakini nilicheza, na nikaacha kutembea nimeinama.

Basi Ya Gedeon alipolirudia neno lile, katika nchi nyingine, miaka yote hiyo baadaye, nilisikia masikio yanawaka. Kumbe wale watu hawakubaki Bukavu. Tunahama nao.

Kabla sijajibu, alikuwa ameshaita. "Ochieng."

Kijana akaja, akasalimia kwa adabu. Akatutazama tulivyosimama, akauliza, "Wazee, namba moja, wa kupandisha mpira, mko naye?"

"Tuko nao wawili," nikajibu mimi.

"Sasa mimi mnanitakia nini?"

Ya Gedeon akamgonga bega. "Utajua mbele, kijana. Karibu nyumbani."

Ochieng akageuka, akamtazama Bahati, ambaye tayari alikuwa amesogea mwisho kabisa wa benchi ili kumpa mwenzake nafasi ya kukaa. Mwanangu, kule kusogea ndiko kulikonimaliza. Hakuna aliyemwambia asogee.

Nikaenda nikasimama mbele yake. "Bahati, kanuni ya mstari unaijua?"

"Naijua, Papa."

"Mimi sikutumi. Nakukumbusha tu."

Akainuka. Halafu akasema, "Eish," polepole, akavua ile jezi niliyoishona kwa mikono yangu, akaikunja vizuri, akaiweka kwenye benchi. Akatembea uwanja mzima akiwa na fulana tu, watu wote wakimtazama, akasimama mstarini kando ya yule wa Kigoma.

"Papa Deo, unafanya nini?" Ya Gedeon akaniuliza. "Huyo ni mtoto wetu."

"Kama ni wetu, mbona hatukumtumia?"

Zamu iliyofuata ilikuwa ya Warundi. Kiongozi wao hata hakushauriana na mtu. Akaita, "Bahati."

Sasa niseme yote. Ochieng alitusaidia sana mwaka ule, maana Merci alihamishiwa zamu za Jumapili. Kwa hiyo Ya Gedeon hakuota ndoto tupu. Tena yeye ndiye anayetutafutia uwanja, na mtoto akivunjika kidole, anayempeleka kliniki ni yeye. Lakini chini ya kikapu tulinyang'anywa mipira vilevile, na yule wa Kigoma aliitwa na Watanzania. Bahati alitufunga tulipokutana na Warundi. Nilipiga makofi. Ya Gedeon alikaa muda mrefu hanisalimii, na usiku mwingine najiuliza kama nilimkosea. Halafu namkumbuka yule mtoto akisogea mwisho wa benchi, na hasira inarudi palepale.

Kwa hiyo ukija kupewa timu, mwanangu, au duka, au kwaya, au watu wowote wa kuongoza, kabla hujamwita kijana mwingine, mtazame uliyemwita jana. Ameshapata kazi? Umemfundisha? Kama unamwita mpya kwa kuwa una pengo, mwite kwa moyo mweupe. Kama unamwita ili jirani amkose, mwache apite. Na ikiwa aliyefichwa ni wewe, usidhani kasoro ni yako. Kunja jezi yao vizuri, wasalimie, uende ukasimame wanapoweza kukuona.

Mungu akupe miguu mizima na watu wa kukuita kwa jina lako kwa sababu wanakuhitaji. Na siku utakayokuwa wewe ndiye mwenye kuita, akupe macho ya kufika mpaka mwisho wa benchi.