Barua ya Mtumishi Mtiifu

Sisi tuliotoka Unguja baada ya Mapinduzi tukakulia Kilburn, London, tulijua Kiingereza cha aina tatu kabla ya kujua cha kununulia mkate. Kulikuwa na cha mkataba wa nyumba, kilichojaa *hereby* na *aforesaid*. Kulikuwa na cha sala ya asubuhi skuli, ambako Mungu peke yake aliitwa *Thou*, "wewe" ya kizamani. Na kulikuwa na cha baba, aliyekuwa karani wa mahakama kwetu. Jioni, chumba kikinuka mafuta ya taa, alitufunza namna ya kuandika ombi na kuweka nakala yake. "Serikali haiulizwi," alikuwa akisema. "Serikali huombwa."

Wazazi walifariki wote ndani ya mwaka mmoja. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Niliacha skuli, nikaenda kupiga pasi kwa dobi. Nyuma yangu walikuwepo Nassor, Rukia, na Asya wa miaka minne. Siku moja alikuja bibi wa kaunsili, yaani serikali ya mtaa, akasema wadogo watapelekwa kwa familia za kuwalea, kila mmoja kwake, na Asya ndiye ataanza.

Nikamwandikia barua. Maneno yote makubwa niliyoyajua niliyatia humo, kama mtu avaaye nguo zake zote siku ya baridi. Nilimwomba kwa unyenyekevu, nikawataja watoto waliotajwa hapo juu, nikamalizia kwamba nabaki kuwa mtumishi wake mtiifu. Nassor aliisoma amesimama nyuma yangu.

"Dada, huyu ni mama wa kaunsili au malkia?"

"Nyamaza, lete stempu."

Baada ya wiki bibi akarudi na barua mkononi. Alitazama sare zilizopigwa pasi, akafunua sufuria ya wali, akauliza ni nani aliyeniandikia. Nikamwambia ni mimi. Akasema mara ya mwisho kuona barua ya namna ile alikuwa akipanga makaratasi ya marehemu babu yake. Akatupa miezi mitatu ya kutazamwa. Ilipokwisha, hakuna aliyekuja kumchukua Asya.

Siku hizi mtoto wa Nassor huwaandikia kaunsili kwa simu, maneno manne, hata salamu hakuna, na hujibiwa kabla chai yake haijapoa. Ukimwambia aanze kwa heshima, hukutazama kama uliyepotea njia.

Nakala yangu bado ninayo. Kila Idi watoto huiomba, wakaisoma kwa sauti za majaji wa kwenye televisheni, wakacheka mpaka wakashika mbavu. Sina neno, inachekesha kweli. Asya tu ndiye hacheki. Huwasubiri wamalize, akaichukua, akaikunja kwa mikunjo yake ileile, akairudisha ndani ya bahasha.