Niliifuta app ya mto kwenye simu ya tonton kwa sababu haikuwa na downloads

Wakuu, salamu kutoka Kisangani.

Anayetafuta chai apite uzi mwingine. Haya yamenipata mimi mwenyewe na sina raha kuyaandika.

Nina kibanda cha simu hapa Mangobo. Nabadilisha vioo na betri, lakini kazi kubwa ni kuweka app. Bando huku ni ghali, kwa hiyo watu wengi hawaingii store kabisa. Mtu analeta simu, namrushia app kutoka simu yangu kwa bluetooth, dakika mbili ameondoka. Akifika nyumbani anamrushia mkewe, mkewe anamrushia jirani.

Shikeni hapo, nitaparudia.

Nina ugonjwa mmoja: kulinganisha app. Ipi ina downloads nyingi, ipi ina nyota ngapi, comments zinasemaje. Wateja wakaanza kuniita Professeur, na kichwa kikavimba kweli.

Tonton wangu, mdogo wa marehemu baba yangu, ndiye aliyenilea. Alikuwa na pirogi, mtumbwi wa injini, akileta mihogo na samaki mjini kutoka Yanonge.

Simu yake ilikuwa na app ndogo ya mto, iliyotengenezwa na kijana wa hapahapa. Haikuwa na urembo wowote. Watu wa mtoni waliandikiana tu: huku upepo umeanza, huku mvua kubwa, msitoke.

Siku moja akaja kibandani, simu imejaa, haipokei hata picha. Nikaona ana app mbili za hali ya hewa. Hiyo ndogo, na nyingine kubwa ya Ulaya yenye vijua na viwingu vinavyocheza.

"Bon, mutoto wangu, tutoe gani?" akauliza. "Hii kidogo, batu ba ku mayi, benzangu ba mutoni, banaipenda."

Nikafungua store nikalinganisha. Ile kubwa: mamilioni ya watu, nyota karibu tano. Ile ndogo: watu mia na kitu, comments nne, na moja ni ya mtengenezaji mwenyewe. Nilicheka, wakuu. Nilicheka mbele yake.

"Tonton, hii haina batu. Dunia yote iko ku ile ingine."

"Kama unasema wewe, basi."

Nikaifuta.

Wiki chache baadaye alikuwa Yanonge, pirogi imeshapakiwa. Mchana, huku mjini, mawingu meusi yakatokea mashariki na upepo ukang'oa mabati upande wa Simi-Simi. Mvua ikapiga kama saa nzima ndipo nikampigia. Hapatikani. Alikuwa ameshaingia mtoni, sehemu ambayo mtandao haufiki. Nikabaki napiga tu, napiga tu, mpaka betri ikaisha.

Mwili wake ulipatikana siku ya tatu, mto ukiwa umeushusha hadi kupita Yanonge.

Matangani akaja papa mmoja, mzee mwenye pirogi, mteja wangu wa zamani. Siku ile naye alikuwa Yanonge. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Professeur, merci. Ile application ya mayi ulinitiliaka wewe. Iliandika Kisangani iko mvua mukubwa, tukabakia ku bandari sisi wote. Tulimwambia tonton yako. Akatuonyesha simu yake, iko jua. Akasema, mutoto wangu anajuaka hizi vitu."

Nilitoka nje nikafungua store: bado watu mia na kitu.

Sasa rudini pale niliposema mshike. Store inahesabu waliopakua kwake tu. Huku hakuna anayepakua, tunarushiana. Karibu mto mzima ulikuwa na ile app, na nyingi nimezirusha mimi kwa mkono huu. Kila siku nilikuwa naigawa, halafu nikaangalia namba ya store nikasema haina watu.

Somo langu ni hilo, kama bado lina faida kwa mtu. Usipime app kwa watu wa mbali wakati wanaoitumia wamekaa mbele yako. Tonton aliniambia kabisa kwamba wenzake wanaipenda. Sikumsikiliza, nilikuwa bize na nyota.

Sijamwambia mtu yeyote nyumbani. Yule papa alidhani ananishukuru, hajui.

Jana tantine, mjane wake, alikuja kibandani na simu mpya. Binti yake mkubwa anataka kuanza safari za Yanonge, maana nyumbani lazima wapate chakula.

"Mutilie ile ya kuangalia mvua," akasema. "Chagua wewe. Tonton yako alikuwa anakuaminia sana."

Nimemwekea ile ndogo. Hajauliza kwa nini.

Wakuu, nimwambie au ninyamaze? Andikeni mnachofikiri, hata matusi nitayasoma yote.