Kikombe cha Kwanza cha Munkoyo

Mama yangu alikuwa na vikohozi vitatu. Kulikuwa na kile cha asubuhi, cha kuwasha moto. Kulikuwa na cha mchana, akiwa anakoroga. Na kulikuwa na kile kidogo cha kanisani, alichokifunga ndani ya kitambaa ili asimkatishe mchungaji. Nilivijua vyote tangu nikiwa mgongoni kwake, na kwa miaka mingi nilidhani ni sauti yake tu, kama vile wengine wana sauti nzito.

Kumbe ni moshi. Mama anatengeneza munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi. Unapika uji mwingi, unaukoroga saa nyingi juu ya kuni, unauacha upoe kidogo, halafu unatumbukiza mizizi ya porini iliyopondwa. Hapo uji mzito unalegea wenyewe, unakuwa mwepesi na mtamu, na kesho yake unanywewa. Mizizi tunaletewa na akina mama wanaotoka upande wa Kabondo-Dianda. Moshi tunajitengenezea wenyewe.

Daktari alimsikiliza mama kifua, mbele na nyuma, akamwambia aachane na moshi, la sivyo kifua hicho hakitamfikisha mbali. Mama akaitikia, "Eyo vidye," kama tunavyowaitikia wakubwa kwa Kiluba, na kesho yake asubuhi akawasha moto. Sikumlaumu. Munkoyo njo, yaani ndio, ulitulisha tangu baba alipotutoka, na njo ulinifikisha mwaka wa tatu wa sekondari, nilipoishia.

Kwa hiyo tangazo liliposomwa kanisani, mimi nilisikia neno moja tu. Katibu alilisoma kwa Kifaransa, kisha akatueleza: serikali inafungua kituo cha kusaidia vijana wanaoanza biashara ndogo, katika jengo la zamani karibu na stesheni yetu ya Kamina. Kutakuwa na mafunzo, msaada wa makaratasi, na kwa watakaochaguliwa, chumba cha kufanyia kazi chenye frigo ya kupozea na jiko kubwa la umeme wa jua. Wengine walisikia serikali. Wengine walisikia msaada. Mimi nilisikia jiko.

Jirani yetu, fundi wa kushona, aliniona nikiandika jina kwenye fomu akanicheka mpaka uzi ukamtoka kwenye sindano.

"Serikali njo itakupikia weye munkoyo?"

Nilimwambia itanipikia, na yeye atakuja kuomba kikombe.

Kituo chenyewe wanakiita inkubatere. Fomatere wetu, yaani mkufunzi, kijana kutoka Lubumbashi aliyevaa shati jeupe kila siku na kulirudisha nyumbani jekundu kwa vumbi letu, alitueleza kwamba ni kama kuku anavyolalia mayai. Ukichaguliwa unakaa humo miezi tisa, unapashwa joto, halafu unatoka kutembea mwenyewe. Nilipomwelezea mama, alihesabu kwa vidole.

"Miezi tisa? Ile haiko yayi. Ile ni mimba."

Tulikuwa ishirini na wawili katika mafunzo, na nafasi za chumba zilikuwa nane. Nilikaa karibu na mke wa askari mmoja wa Baze, kambi ya jeshi, mwanamke mzaliwa wa mkoa wa Équateur, anayetengeneza siagi ya karanga. Mimi nilimwita yaya, yaani dada mkubwa, yeye aliniita leki, yaani mdogo wake, kwa Kilingala chake. Alijua kucheka bila sauti, mabega tu yakiruka, na alinifundisha hivyo, na mara mbili tulikaribia kufukuzwa darasani.

Katika daftari langu nilichora chupa kabla ya kuandika jina langu. Nilishaiona ikipanda treni, ikipita Bukama, wauza samaki wakiigombania dirishani, ikifika Lubumbashi ingali ya baridi. Niliisoma ndoto hiyo mbele ya darasa. Fomatere alisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza kwa upole treni inachelewa siku ngapi, na kama barafu yangu imekubali kuchelewa nayo. Nilifuta Lubumbashi. Bukama nikaiacha.

Siku walipotusaidia kupata kadi ya serikali ya mfanyabiashara mdogo, nilirudi nayo nyumbani nimeibana kifuani. Jina langu lilikuwa pale, na mhuri juu yake. Mama aliipangusa kwa kitenge ingawa haikuwa na vumbi, akaiweka ndani ya Biblia, kwenye Zaburi, akafunga.

Fomatere alitufundisha vitu vingi, lakini usafi njo alikuwa anausema mpaka mishipa ya shingo inamtoka. Glavu mikononi. Kofia ya nywele. Na hii hapa, ambayo niliipigia mistari miwili: mtengenezaji haweki kinywa chake kwenye kinywaji cha mteja. Unafungua chupa mbele yake, unammiminia, unarudi nyuma, unamwacha aonje. Mimi nilitaka lile jiko sana. Kama angesema tumimine huku tumesimama mguu mmoja, ningesimama.

Basi ikafika siku ya juri, yaani wale watu watano wa kuchagua. Asubuhi mama alikohoa kuliko siku zote, maana kuni zilikuwa mbichi. Alijitwika beseni la chupa, tukaenda pamoja mpaka kituoni. Mlangoni nilimwambia akae pale barazani, kwenye benchi chini ya dirisha. Nilimwambia ni sababu ndani kuna joto. Haikuwa joto. Niliogopa atakohoa mbele ya wale watu, nao waone kinywaji changu kimetoka kwenye kifua kama kile. Aliitikia, akakaa, akaweka mikono mapajani. Bado inaniuma kidogo nikiandika.

Yaya aliitwa kabla yangu. Alifungua kopo lake la siagi ya karanga, akachota kwa kijiko, akakilamba kwanza yeye mwenyewe, polepole, huku akiwatazama, kisha akachukua kijiko kingine na kuwapakia mikate. Nilimwona fomatere akifumba macho. Nikasema moyoni, maskini yaya, ameshajiharibia. Lakini wale watano walikula, na mmoja alijifuta kidole kwa ulimi.

Halafu mimi. Maneno yalinitoka vizuri. Nilieleza mahindi, mizizi, maji tunavyoyachemsha. Nilivaa glavu, nikaingiza nywele zote ndani ya kofia, nikafungua chupa, nikamimina vikombe vitano, nikavisogeza mbele yao. Kisha nikarudi nyuma hatua mbili, mikono mgongoni, kama tulivyofundishwa, nikasubiri.

Hakuna aliyegusa.

Katikati yao alikaa mzee mmoja, mwalimu mstaafu, kofia yake ameiweka magotini. Alitazama kikombe, akanitazama mimi, akatazama tena kikombe. Mama mmoja wa ofisi ya biashara ya mkoa aliniuliza maji nayachota wapi. Nilijibu. Alishukuru, na kikombe chake kikabaki palepale. Fomatere akasema karibuni, muonje. Wakainamisha vichwa kwa heshima, wote watano, na mikono yao ikabaki mezani.

Nilianza kujinusa. Nilidhani kuna unywele ndani, au mdudu. Nilitazama vikombe kimoja kimoja na sikuona kitu, ila munkoyo ukitoa vipovu vyake vidogo. Niliona lile jiko likibebwa kwenda kwa mtu mwingine. Niliona mama kesho asubuhi, ameinama, anapuliza kuni mbichi.

Nikageuza macho dirishani, maana machozi yalikuwa karibu. Mama alikuwa amesimama. Alikuwa amepeleka mkono mdomoni. Nikasema moyoni, mama, tafadhali, zuia kidogo tu. Nilidhani ni kikohozi. Lakini aliushusha mkono, akaupandisha tena taratibu, vidole vimekunjwa kama vimeshika kitu, akainua kidevu, akameza. Vile unavyomwonyesha mtoto mchanga namna ya kunywa.

Ndipo damu ikanipanda usoni.

Nyumbani kwetu, na nyumbani kwa kila mtu niliyemjua Kamina, hakuna anayempa mgeni kinywaji bila kukinywa kwanza yeye mwenyewe, mbele ya macho ya mgeni, kutoka chombo kilekile. Hata maji. Mimi njo nilikuwa muonjaji wa nyumbani tangu nina miaka sita, kila mgeni aliyekuja alininywesha kwanza mimi. Na leo nilikuwa nimewapa wazee watano kinywaji kwa mikono ya mpira, kama mtu anayeshika sumu ya panya, halafu nikarudi nyuma kuangalia nani atakunywa wa kwanza.

Nilivua glavu. Nilitafuta kikombe kingine, sikukiona, nikachukua kifuniko cha chupa.

"Ba papa, ba mama, munisamehe," nikasema. "Nilisahau adabu."

Nilimimina kutoka chupa ileile, nikanywa, nikamimina tena, nikanywa, nikakigeuza kile kifuniko juu chini waone kimekauka. Pua ya mzee ikatoa kicheko.

"Aa. Sasa tunaona kweli uko mutoto wa muntu."

Akanywa. Hakuonja, alikunywa, mpaka koo likapanda na kushuka, akaweka kikombe tupu mbele yangu kama anayeweka swali. Wengine nao wakanywa. Yule mama wa ofisi ya mkoa aliniambia alikuwa anajiuliza muda wote ule wamenikosea nini. Chupa tatu ziliisha. Nilimimina huku nacheka peke yangu, na sikujua kama ni woga uliobaki au ni ile furaha inayokuja bila kupiga hodi.

Nilipotoka, fomatere alinifuata barazani. Nilijipanga kugombezwa. Akaniuliza, kwa sauti ya chini, kama alifundisha vibaya. Nilimwambia hapana, glavu ni nzuri, mikono ya watu ina mambo mengi. Alitazama viatu vyake vyenye vumbi, kisha akasema bibi yake pia hakumpa mtu maji bila kuonja, na yeye alikaa shuleni mpaka akasahau. Siku hizi ukienda kituoni utaona kwenye kila meza ya kuonjesha kuna kikombe kimoja kidogo cha pembeni, cha mtengenezaji. Chake peke yake, kinaoshwa kivyake, na anakunywa wa kwanza. Kimeandikwa kwenye sheria za usafi, kwa mkono wa fomatere.

Njiani tukirudi, beseni likiwa jepesi kichwani kwangu, nilishindwa kuvumilia. Nilimwambia mama kwamba sikumweka nje sababu ya joto.

"Nilijua," akasema. "Ule mulango wa baraza unapigwa na jua lote. Kama ni joto, ungeniweka ndani."

Alinishika kiwiko tukavuka reli, kama nilipokuwa mdogo.

Majina yalibandikwa mlangoni Ijumaa. Nilifika pale, nikafumba macho, nikasimama mbele ya karatasi kama mtu anayesali. Yaya alikuwa ameshajiona yeye ni wa tatu. Nilisikia kidole chake kikishuka kwenye karatasi, kikasimama.

"Leki, fungua macho. Uko wa saba."

Sikuyafungua mara moja. Nilitaka kukaa kidogo humo gizani na namba saba.

Nilikimbia mpaka nyumbani, nikapita kwa fundi wa kushona bila kumwambia kitu, ila nilimpungia mkono mpana sana. Mama alikuwa motoni. Nilimwambia, mama, zima. Tumepata. Alinitazama kupitia moshi, macho yamemjaa maji kama kila siku, kwa hiyo siwezi kusema alilia. Akasema uji haujaiva, mahindi hayana kosa. Tukakaa chini wote wawili, tukasubiri uive.

Sasa ni mwezi wa nne tuko kituoni. Mama njo anaponda mizizi na kusema lini uji umepoa vya kutosha, na wenzetu wa vyumba vingine wanakuja kumwuliza mambo ambayo hayahusu munkoyo hata kidogo. Siku ya kwanza alilizunguka lile jiko la jua akitafuta mahali pa kuweka kuni. Alipoona sufuria inachemka bila mtu kuhangaika, alichukua mfuniko akaanza kulipepea kwa mazoea. Mpaka leo analipepea. Hatumkatazi. Fundi wa kushona amekuja kuomba kikombe mara mbili, na mara zote mbili nimekunywa kwanza mbele yake, polepole na kwa uchokozi, nusu kikombe nzima, mpaka akalalamika.

Kikohozi cha asubuhi kimekwenda. Cha mchana kinakuja siku moja moja, kama mgeni asiyejua tumehama. Kile cha kanisani nilidhani kitabaki, maana ni cha zamani. Jumapili iliyopita alikitoa kitambaa chake kama kawaida, akakishika mkononi tangu wimbo wa kwanza. Nilikaa namtazama. Kama utaniuliza mchungaji alihubiri nini, sijui. Tuliposimama kutoka, kitambaa kilikuwa bado kimekunjwa vilevile, mikunjo minne, kama kilivyotoka kwenye pasi.