Mashuka Yetu Katika Katalogi ya Serikali

Baba yangu alikuwa amekubali kuuza vyerehani vyetu viwili. Mnunuzi, mfanyabiashara wa Murongo, angekuja kuvichukua mvua zikipungua. Nguo za tayari kutoka ng'ambo ya mpaka zilikuwa zimetumaliza, na duka letu la Kayanga lilibaki la kupigia soga. Baba alisema amechoka. Mimi sikuwa nimechoka hata kidogo. Ushonaji ndiyo kazi ninayoijua na kuipenda, na nililia nyuma ya duka, kwa hasira zaidi kuliko huzuni.

Ndipo nikasikia kwamba zahanati na vituo vya afya siku hizi vinanunua vitu kupitia katalogi ya serikali ya mtandaoni. Muuzaji aliyesajiliwa anaweka picha ya bidhaa, maelezo na bei, nao wanachagua humo humo. Nikasajili duka, nikapiga picha shuka la kijani tulilolishona vizuri, kisha nikamuuliza Baba tuweke bei gani.

Akataja bei iliyonitoa macho.

"Baba, kwa shuka?"

"Hiyo ya kuanzia. Wakija tutaelewana."

Baba amezaliwa dukani, na babu yake alikuja huku kutoka pwani na majora ya vitambaa. Kwake, kutaja bei ni kama kumpa mtu kiti. Mteja anaguna, anacheka, anajifanya anaondoka, anaitwa, anaulizwa habari za watoto. Anayelipa bila kuomba apunguziwe humtia wasiwasi. Nilibishana naye, nikashindwa, nikaiweka bei yake.

Hakuna aliyeagiza. Baba akawa haachi simu, akisubiri wapige waombe wapunguziwe. Mvua nazo zikaanza kukatika.

"Wanunuzi gani hawa," akafoka, "hawana hata adabu ya kuniambia ni ghali!"

"Hawatakuambia, Baba. Wanaona bei yako, wanaona ya wenzako, wanapita zao."

Ulimi wangu mkali unajulikana mtaa mzima, lakini siku hiyo nilimwonea huruma kwelikweli. Baba akavuta kiti karibu yangu.

"Basi weka ile ninayompa dada yangu," akasema, akaitaja polepole.

Oda ikaja kutoka kituo cha afya huko Kyerwa. Nilipiga kelele mpaka jirani muuza ndizi akaingia mbio kuuliza nani amekufa. Tulishona mimi na Baba, tukigombana kuhusu uzi na kucheka. Tulipofikisha mzigo, muuguzi aliyetupokea alimwamkia Baba shikamoo, akalivuta shuka kwa mikono miwili, akageuza upindo, akasema hili litavumilia kufuliwa. Ndipo Baba akakumbuka kuitikia marahaba.

Yule wa Murongo alikuja baada ya hapo. Baba akamwagizia chai, akamwomba radhi, akasema ameghairi. Mgeni akaongeza bei. Baba akatikisa kichwa. Mgeni akaongeza tena, akaguna, akacheka, akainuka na kuelekea mlangoni, akisubiri kuitwa. Nilishikilia ukingo wa cherehani changu. Mchezo huo Baba hajawahi kuukataa maishani mwake.

"Rudi unywe chai," Baba akamwambia. "Vyerehani ni vya binti yangu. Haviuzwi."